Kichwa cha Shamba la Nyantale

Kabla sijaisimulia siku yenyewe, mwanangu, sharti nikuonyeshe kwanza ardhi ilivyolala, kwa sababu asiyeujua mteremko wa Nyantale hatauelewa ugomvi wetu.

Juu kabisa kuna mawe, majabali ya kijivu yaliyopandana kama yanavyopandana kila mahali katika nchi hii yetu ya Mwanza. Chini kabisa kuna matete, na baada ya matete kuna ziwa. Sisi tulilima katikati. Jabali halinywi maji. Mvua ikinyesha, hulitema kila tone lililoliangukia, na maji hayo hayana njia ya kwenda ziwani isipokuwa kupita katika mashamba ya watu. Udongo wenyewe ni wa kichanga, mwepesi, unaopokea muhogo na pamba bila ubishi na unaoondoka bila kuaga.

Nyantale niliyoifahamu utotoni ilikuwa mji mdogo. Palikuwa na gulio la kila juma, kanisa lililoezekwa kwa bati, maduka machache, ghala la ushirika ambamo pamba ilipimwa, na gati la mawe ambapo mashua za Nansio zilishusha dagaa na kupakia muhogo mkavu. Ukienda leo utakuta minyaa. Minyaa ina ukaidi wake: watu huhama, kuta huanguka, nayo hubaki imesimama ikizunguka ua usio na mtu. Ukitaka kujua mji ulikuwa mkubwa kiasi gani, tazama nyua hizo.

Habari za mwanzo wa mji sikuziona kwa macho. Nilizisikia kwa babu yangu, mzee Bwire, na baadaye nilizilinganisha na kumbukumbu za wazee wengine, nikakuta zinapatana katika mambo makubwa. Babu alizaliwa kisiwani Ukara, mahali ambapo ardhi ni chache na watu ni wengi, na ambapo ng'ombe hulishwa ndani ya nyumba, katika shimo, kwa majani ya kukatwa, ili samadi isipotee hata konzi moja. Alivuka maji akiwa kijana na mkewe, mtamba mmoja, na mzigo wa mapando ya muhogo. Mwanangwa wa upande huu, yaani mzee aliyemwakilisha mtemi katika kijiji, alimwonyesha mteremko ule kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeutaka. Wenyeji, Wasukuma wenye mifugo mingi, walipenda mbuga zilizo nyuma ya majabali. Mteremko ulikuwa wa vichaka, mbung'o na fisi.

Babu hakulalamika. Aliufyeka kwa misimu kadhaa, akaulima kama walivyolima kwao. Alichimba matuta yaliyoukinga mteremko, yamelala kama mbavu ubavuni mwa ng'ombe, na kati ya tuta na tuta akafunga vizuizi vidogo vya udongo ili maji yakae pale pale yalipoangukia na kuingia ardhini polepole. Juu ya yote, chini tu ya majabali, alipanga kingo za mawe na kupanda majani marefu katikati yake. Sehemu ile ya juu aliiita kichwa cha shamba.

Ndugu na wageni walipomfuata, aliwagawia ardhi kwa kanda nyembamba zinazoshuka hadi kwenye matete, ili kila mmoja apate mchanga wa muhogo upande wa juu na udongo mweusi wa viazi upande wa chini. Lakini kichwa hakikugawanywa. Hiyo ilikuwa sheria ya Nyantale tangu ilipoanza: mtu mmoja hukishika kichwa kwa niaba ya wote, na akifa humwachia mmoja. Babu alikuwa akisema, "Mikono huwa miwili na miguu huwa miwili. Sijaona mtu aliyerithi nusu ya kichwa."

Mji ukakua. Wajita wakaja, Waluo wakaja na nyavu zao, Wasukuma wakashuka kutoka mbugani walipoona pamba inakubali. Ndipo serikali ya kikoloni ilipoleta amri ya matuta. Amri yenyewe haikuwa ya kipumbavu, mwanangu, na msimulizi wa haki hana budi kulisema hilo. Ubaya ulikuwa katika namna ilivyoletwa. Bwana shamba alikuja na kijiti cha kupimia, na tuta lisilolingana na kijiti lilikuwa kosa. Baba yangu, Mafuru, alikuwa na matuta mazuri aliyofundishwa na baba yake, yaliyokaribiana pale mteremko ulipokuwa mkali na kuachana pale ulipolegea. Kijiti hakikuyakubali. Baba alipelekwa kwenye baraza la mtemi, akawekwa mahabusu, akanyolewa, kisha akarudishwa nyumbani akipitishwa katikati ya gulio. Nilikuwa mdogo sana, lakini nakumbuka jinsi mama alivyomvika kofia, na jinsi baba alivyolala nayo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Uhuru ulipokuja, wanaume wa Nyantale walishuka mashambani na majembe, wakiimba, wakayasawazisha matuta. Waliyaita matuta ya mkoloni. Kwamba mzee Bwire aliyachimba kabla ya mkoloni kuujua mteremko ule, hapana aliyetaka kulisikia. Baba alikuwa wa kwanza kuinua jembe.

Baada ya majembe likaja plau. Lilikuwa la Masanja, jirani yetu Msukuma na rafiki mkubwa wa baba, mtu mcheshi ambaye hata msibani alihitaji kukanyagwa mguu ili anyamaze. Ng'ombe wa kulimia hawapendi kugeuzwa, na kwa kuwa kanda zetu zilikuwa nyembamba na ndefu, aliyetaka kulima kwa kukinga mteremko angewageuza kila baada ya hatua chache. Masanja alilima kwa kushuka, kutoka juu mpaka kwenye matete. Mistari yake ilikuwa mirefu, imenyooka, inapendeza kutazama kutoka majabalini. Ng'ombe wake wa mbele, dume jekundu lenye pembe moja iliyopinda, alimpa jina la Bwana Shamba, na sababu ya jina ilijulikana na kila mtu. Alitaka kumchapa.

"Bwana Shamba, nyoosha mguu," alikuwa akipiga kelele. "Leo kijiti ninacho mimi."

Watu waliacha kazi zao kuja kucheka. Nami nilicheka.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye fundo. Kwa misimu kadhaa hakuna kilichoharibika. Watu walilima kwa kushuka, wakavuna, wakalima tena. Wachache sana waliinua macho kutazama kule juu, ambako babu alikuwa bado na kingo zake za mawe na matuta yake yaliyolala. Maji ya majabali yalifika kwake kwanza, yakaketishwa pale, na yaliyopita kwenda chini yalikuwa yamekwisha kuchoka. Kila mtu alilima vibaya kwa usalama alioupata kwa yule mmoja aliyelima vizuri. Na kwa kuwa madhara hayakuonekana, wakahitimisha kwamba matuta hayakuwahi kuwa na kazi yoyote.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa siku ya mawingu, karibu na mwanzo wa vuli. Nilikuwa msichana wa shule ya kati, nimerudi nyumbani likizo, na kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kumpelekea babu uji huko kichwani. Miguu yake ilikuwa imevimba na hakuweza tena kushika jembe, lakini alipanda kule kila siku, akakaa juu ya ukingo wa mawe, akang'oa magugu yaliyofikiwa na mkono. Nilikuwa nimekaa naye, kibuyu kikiwa mapajani mwangu, tulipowasikia ng'ombe.

Walikuja kwa njia ya ubavuni, Masanja mbele na baba nyuma, pamoja na vijana wawili watatu waliofuata kwa ajili ya mzaha. Plau lilikuwa limelazwa ubavu, likiburutwa.

"Shikamoo, babu," akasema Masanja.

"Marahaba. Wageuze hao ng'ombe."

"Watageuzwa wakifika ziwani, babu. Huku juu hawajui kugeuka."

Vijana wakacheka. Babu akakipokea kibuyu, akanywa uji wake.

"Babu," Masanja akaendelea, kwa maana alipoanza hakuacha upesi, "ninyi Wakara mnaibembeleza ardhi kama mke mdogo. Asubuhi mnaibebea samadi, jioni mnaifunika majani. Siku moja mtaiimbia ilale."

"Na ninyi mnaoichapa kama mke mkubwa," akajibu babu, "mkisikia njaa mtagonga mlango wa nani?"

Hapo walicheka wote, hata Masanja mwenyewe. Baba peke yake hakucheka. Alipita mbele, akasimama chini kidogo ya ukingo, kofia kichwani. Sikumbuki kumwona baba bila kofia baada ya ile siku ya baraza.

"Baba, inuka," akasema. "Umri wako si wa kukaa juani kulinda mawe. Kichwa hiki ni kipana, kina pamba ya nyumba nzima ndani yake. Masanja atakilima leo, kesho tutapanda."

"Akilime kwa kukinga."

"Ng'ombe hawawezi."

"Basi wasikilime."

Baba aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini, na nilitambua kwamba hasemi kuhusu pamba.

"Nililala mahabusu kwa ajili ya matuta haya."

"Hukulala kwa ajili ya matuta, Mafuru. Ulilala kwa ajili ya kijiti cha yule bwana. Matuta yalikuwepo kabla yake, nawe uliyachimba pamoja nami ukiwa huna hata jino la ukubwani." Babu aliweka kibuyu chini. "Nitakuuliza jambo, na sitaki unijibu sasa. Unamlipiza nani kisasi? Huyu mliyempa jina la Bwana Shamba ni ng'ombe. Yule mwenyewe alikwisha kupanda meli, yuko kwao, hakukumbuki. Unaipiga ardhi kwa kosa la mtu ambaye hayupo. Na mgongo unaoupiga ni huu huu uliokubeba."

Masanja aliinama akajifanya kurekebisha mnyororo wa nira. Vijana walitazama ziwa.

"Tumelima huko chini misimu yote hii bila tuta hata moja," baba akasema. "Kipi kimeondoka? Nionyeshe, baba. Kama kuna kilichoondoka, nionyeshe, nitawageuza ng'ombe mwenyewe."

Nilimtazama babu, nikingoja amwonyeshe. Nilikuwa na hakika kwamba anacho cha kumwonyesha. Lakini babu alitazama chini, kwenye kanda zile zilizonyooka mpaka ziwani, na hapakuwa na chochote. Mashamba yalikuwa mazima.

"Siku nitakayoweza kukuonyesha," akasema hatimaye, "kuona hakutakufaa kitu."

Baba aliwageuza ng'ombe siku hiyo. Aliwageuza kwa adabu, kwa sababu asingeweza kumwondoa baba yake kwa mikono mbele za watu. Waliposhuka nilimsikia Masanja akimwambia kwa sauti ya chini kwamba mzee ni mzee, na mvua hazina haraka, na kila kitu kina wakati wake. Nilielewa maana yake, na babu naye alielewa. Jioni ya siku ile ile alimwita baba nyumbani kwake, nami nikiwepo nikichochea moto, akamwomba jambo moja: akifa asizikwe uani karibu na nyumba, kama ilivyo desturi. Azikwe kichwani, kati ya tuta na tuta, amelala kwa kuukinga mteremko.

Baba alikubali mara moja. Nadhani alifurahi kuombwa jambo analoweza kulitoa. Mimi, kwa akili ya kitoto, nilidhani babu amependa kukaa karibu na mawe yake. Ni baadaye sana nilipofahamu alichokusudia. Alijua kwamba maneno yake hayatatosha, akataka kuwaachia kitu ambacho plau lisingethubutu kukipita.

Alifariki kiangazi kilichofuata. Baba alimzika kama alivyoahidi, palepale, kwa heshima zote. Alichimba kaburi mwenyewe pamoja na wadogo zake, na Masanja, aliyelia kuliko wote, alileta fahali wa kuchinja. Mpini wa jembe la babu uliwekwa juu ya udongo. Kichwa kilimwangukia baba, akawa ndiye anayekishika kwa niaba ya wote.

Vuli ilipokaribia, ng'ombe walipanda tena kwa ile njia ya ubavuni. Nilikuwa nimesimama na mama mlangoni. Kingo za mawe zilivunjwa ili plau lipite, na mawe yakasukumwa kando. Matuta yalifunguliwa. Masanja hakumpigia kelele Bwana Shamba siku hiyo. Alilima kimya, kutoka majabalini kushuka, na alipofika kwenye kaburi aliinua plau kwa uangalifu mkubwa, akalizunguka upande wa kushoto, na aliporudi akalizunguka upande wa kulia. Kaburi halikuguswa hata kidogo. Lilibaki katikati ya shamba lililolimwa kama kisiwa.

Baba aliporudi kunawa mikono, mama alimwambia, "Juzi ulimzika baba yako. Leo umemlima."

"Kaburi nimeliacha," akasema baba. "Umeliona mwenyewe. Hakuna tonge la udongo wake lililohama."

"Kaburi," akasema mama, akaingia ndani.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa mvua chache, na pamba ya kichwani ilikuwa nzuri kuliko yoyote iliyopata kuonekana Nyantale, kwa kuwa ilikula samadi ya maisha mazima ya babu. Watu walimpongeza baba. Msimu uliofuata mvua zilikuja kama zinavyokuja. Maji yaliyotemwa na majabali yalishuka katika ile mifereji iliyonyooka, yakafika kwenye kaburi, yakagawanyika, yakapita kushoto na kulia pale pale lilipopita plau, na yakakutana tena chini yake. Mahali yalipokutana yalichimba. Palikuwa na ufa usiozidi unyayo wa mtu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na baba, nimtendee haki, aliuziba. Alijaza matawi, akajaza mawe yale yale ya babu, akapanda minyaa. Lakini aliuziba chini, nayo maji yalikuwa yanatoka juu, na huko juu hapakuwa tena na cha kuyaketisha. Mwaka hata mwaka ufa ukawa mfereji, mfereji ukawa korongo.

Korongo liligawa mji. Kwanza lilikata njia ya gulio, watu wakaweka magogo ya kuvukia. Kisha lilimeza kanda mbili za watu ambao hawakuwa wameshika kichwa wala kuvunja ukingo wowote, na hapo ugomvi ukaingia. Baraza la kijiji likakaa mara nyingi bila kuamua. Mchanga ulishuka ukajaza ghuba yetu ndogo, mashua za Nansio zikashindwa kufika gatini, wenye maduka wakahamia barabarani. Ningu, samaki waliokuwa wakipanda kijito chetu wakati wa mvua, wakaacha kuja. Familia moja ilikwenda Geita, nyingine Sengerema, nyingine nyingi zilikwenda Igoma kupanga vyumba na kufungua karakana. Kila moja iliacha minyaa yake.

Masika moja, baada ya mvua iliyonyesha hadi alfajiri, tulitoka nje tukatazama juu, na kile kisiwa cha kaburi hakikuwepo. Korongo lilikuwa limepita hapo.

Baba alishuka mpaka majini, akachukua mtumbwi na upondo, akasukuma katika yale maji ya rangi ya kahawia kati ya matete, akichoma upondo topeni, anauchomoa, anasogea kidogo, anachoma tena. Alikuwa hana kofia. Masanja alishuka naye akakaa nyuma ya mtumbwi, akashika kasia, na siku nzima hakutoa mzaha hata mmoja. Walirudi jua likishuka. Hawakupata kitu. Siku zilizofuata baba alirudi tena, peke yake, mpaka tope lilipokauka na matete yakaota juu yake.

Alipochoka kutafuta, alichukua mawe matatu akayapanga kwenye ukingo wa korongo, upande wa mashariki, karibu na pale kaburi lilipokuwa. Miaka ya mwisho ya uhai wake aliishi nami hapa Mkolani, na aliwahi kuniambia jambo hili bila mimi kumwuliza: "Alisema siku atakayoweza kunionyesha, kuona hakutanifaa. Alinionyesha."

Kaka yangu, aliyebaki Nyantale, alirudisha matuta kwa mkono katika ile sehemu ya kichwa iliyosalia mashariki mwa korongo. Ni sehemu ndogo, lakini aliifanyia kazi mpaka alipofariki, na upande ule haujakatika.

Nimeandika haya, mwanangu, kwa sababu ya mjukuu wa kaka huyo. Ni Bwire mdogo, mwenye jina la babu. Alinitembelea kabla ya msimu huu wa vuli, kijana mwenye adabu, amesoma, amechoka kutafuta ajira mjini. Aliniamkia, akakaa, akanieleza kwamba anataka kulima matikiti na nyanya Nyantale kwa pampu ya maji ya ziwa, na kwamba amepata trekta ya kukodi.

"Shida ni yale matuta, bibi," akasema. "Trekta haina pa kugeukia."

Nilimsimulia yote, kama nilivyokusimulia wewe, tangu mtumbwi wa Ukara mpaka upondo wa baba. Alisikiliza bila kutazama simu yake. Nilipofika kwenye kaburi, macho yake yalilowa.

"Lilikuwa mahali gani hasa, bibi?"

Nikamweleza habari ya yale mawe matatu.

"Nitayatunza," akasema. "Nakuahidi. Huyu ni babu yangu, na jina lake ni langu."

Nilimtazama, nikaona kwamba alikuwa anasema kweli.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi ili usije ukasema nilikupa mafumbo. Kinga inayofanya kazi haionekani ikifanya kazi. Ukikuta ukingo wa mawe, au desturi, au mzee ambaye huoni faida yake, usikiondoe kwa sababu huioni. Uliza kwanza ni jambo gani halijakupata kwa kuwa kipo. Kitu chema kilichowahi kushikwa na mkono mbaya usikichukie kwa ajili ya mkono huo, maana mwenye mkono atakwenda zake na wewe utabaki na njaa. Na unapotaka kumheshimu mzee wako, usianzie kaburini. Kuliacha kaburi lake ni jambo jepesi. Hata ng'ombe wanaweza kulizunguka. Mzee hukaa ndani ya neno lake, na ukililima neno, kaburi litalifuata tu.

Mungu akupe ardhi inayokujua na mvua yenye adabu. Akupe sikio kabla ya jicho. Akuzeeshe vizuri, na wanao wakulaze mahali ambapo maji hayatakufikia.

Bwire mdogo alikwenda Nyantale juma lililofuata. Aliyafyekea majani yale mawe matatu, akayapaka chokaa. Kisha trekta ikakilima kichwa kutoka majabalini kushuka, na ilipoyafikia mawe ikayazunguka.